Filamu ya Wezi na Mama wa Murara

Neema na Solange,

Mliniomba niwaandikie namna ya kumtambua mwizi wa dukani, kwa kuwa sasa kiti cha karibu na mlango ni chenu na mimi nimerudi nyumbani kupumzisha miguu. Leo ni siku ya nne niko na daftari hili. Kila asubuhi ninaanza na wezi, na kabla chai haijapoa ninajikuta nimeandika juu ya mwanamke ambaye hakuiba hata sindano. Basi nimeacha kushindana na kalamu. Someni tu, na yale ya kazi mtayaokota njiani.

Niliingia kazini nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimetoka Butembo kuja kukaa kwa mama mdogo, na mji wa Goma niliujua kwa mambo mawili: ziwa, na vumbi jeusi linaloingia hata ndani ya chumvi. Duka la wakati ule silo hili mnalolijua. Lilikuwa refu kama kanisa, na madirisha yake yalikuwa juu sana, karibu na mabati, hivyo mwanga ulishuka kutoka huko polepole kama kitu kinachomiminwa. Vitenge vilipokunjuliwa, nyuzi ndogo ndogo zilipanda ndani ya mwanga huo na kuelea hapo muda mrefu, kama vile zimesahau kushuka. Nilizoea kusimama nikiziangalia. Mama Kahindo, aliyenifundisha kazi, aliniambia siku ya kwanza kwamba msichana anayeangalia juu namna hiyo ataibiwa mpaka sketi aliyoivaa.

Mama Kahindo alikuwa mjane, mrefu kuliko walinzi wote wawili wa mlangoni, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayesali. Walinzi walikuwa wanaume, na mwanamume hawezi kumpekua mwanamke. Ndiyo sababu duka lilituhitaji sisi. Alianza na viatu vyangu, viatu vizuri vya kisigino ambavyo mama mdogo alikuwa ameniazima kwa ajili ya siku hiyo.

“Vua hizi,” alisema. “Zinalia. Mwenye kuiba atakusikia toka Sake.”

Akanipa raba za kitambaa. Kisha akanionyesha vifaa vyetu, ambavyo vilikuwa vichache: kioo cha duara kilichotundikwa kwenye pembe, ambacho kilimfanya kila mteja aonekane kama kijiko, jetoni za mbao zenye namba, ambazo mlinzi alimpa mtu aliyeacha mfuko wake mlangoni, pazia la chumba cha nyuma, na kiti. Kuhusu kiti alinionya kwamba ni cha wateja wagonjwa na cha mfanyakazi mvivu, na kwamba duka halikuwa na wagonjwa wengi.

“Usiangalie mikono,” alisema. “Mutu anaweza kufunza mikono yake mwaka muzima. Miguu anaisahau. Mwenye kutaka kununua, miguu yake inaangalia kitu. Mwenye kutaka kuiba, miguu inaangalia mulango.”

Nimeijaribu kanuni hiyo zaidi ya miaka thelathini. Ilinidanganya tu kwa watu waliokuwa wakitafuta choo.

“Na ile neno,” akaongeza.

“Neno gani, mama?”

Akaniwekea kidole kwenye midomo, mimi mtu mzima. “Ile ile unafikiria. Haitoke mu kinywa yako hata siku moja. Hapa tuko na bageni tu. Ukiona mutu ameficha savuni, unaniambia: kuko mugeni ku savuni. Tunamuita nyuma, tunazungumuza, anarudisha, anaenda. Umesikia? Inje kule kuko batu benye wanangojea ile neno toka asubui.”

Nilisema nimesikia. Kweli masikio yalisikia. Lakini nilidhani ni adabu tu za Mama Kahindo, kama alivyokuwa akiwaita hata paka wa ghalani “wapendwa.”

Jumamosi ya pili patroni, mwenye duka, alinipeleka kuona filamu. Alikuwa muzee mfupi aliyevaa koti hata jua likiwa kali, na aliamini kwamba kila kazi duniani ina filamu yake. Ya kwetu ilikuwa kwenye kaseti moja aliyoinunua safarini, na kila mfanyakazi mpya alilazimika kuiangalia. Duka lilifungwa adhuhuri, tukaingia ghalani, tukakaa juu ya mabelo, yaani marobota ya vitenge, mbele ya televisheni ndogo. Jina la filamu sikulijua kamwe, maana mwanzo wa kaseti ulikuwa umerekodiwa juu yake harusi ya mtu. Tuliangalia kwanza bibi harusi asiyetaka kucheka, tukaangalia keki, na mara keki ikakatika na theluji ikaanza kuanguka.

Ilikuwa filamu ya zamani, ya nyeusi na nyeupe. Mji wa Wazungu, majira ya baridi, na duka kubwa lenye ngazi pana kama za ikulu. Ndani yake genge la wanawake wanaiba. Mkubwa wao ana kofia ya manyoya na koti refu. Ndani ya koti, upande wa kushoto, ameshona mfuko ambao hauna mwisho. Anaingiza glovu, anaingiza saa, anaingiza kitambaa kizima cha hariri, na uso wake hausemi kitu. Kitu kimoja tu kinamsaliti: kila akishaiba, anaweka mkono wa kushoto ubavuni, taratibu, kama mtu anayetuliza mtoto aliyelala.

Na kulikuwa na yule mwingine, mpelelezi wa duka, mwanamke pia. Alivaa suti ya kijivu. Alitembea kati ya meza za glovu kana kwamba sakafu ni maji na yeye hazami. Hakuna aliyemjua, hakuna aliyemsalimia. Mwishoni alimfuata mwenye kofia mpaka mlangoni, akanyosha mkono, akasema neno moja kwa sauti ya juu: mwizi! Duka zima likasimama. Wanawake wenye vikombe vya chai walibaki wameshika vikombe hewani. Polisi wawili wakaja, wakamgusa mwizi kiwiko kwa adabu, wakaondoka naye kwenye theluji. Mpelelezi alibaki peke yake kwenye ngazi, akivaa glovu zake, kidole kimoja kimoja.

Patroni alikuwa akitufasiria Kifaransa, lakini mimi sikumsikiliza. Nilikuwa nimeingia ndani ya ile kijivu. Nilitoka ghalani jua likiwa bado kali, moshi wa volkano umelala juu ya mji, na kwa muda sikuelewa kwa nini nyumba zina rangi. Tangu siku hiyo nilitembea dukani kama yule mama. Nilinyosha mgongo. Niliacha kusalimia watu. Mama Kahindo aliniuliza kama shingo inaniuma.

Yeye kazi yake aliifanya namna nyingine kabisa. Alikuja mwanamume amevaa buti za mvua wakati wa kiangazi, akitembea kama bata, sardini zimejaa ndani ya kila buti. Mama Kahindo akamwendea: “Papa, viatu inakubana? Kuya huku nyuma tukusaidie.” Akamfuata kama mgonjwa anayemfuata muuguzi. Kulikuwa pia na mama mmoja wa mtaa wa Himbi, aliyeletwa na dereva, mwenye manukato yaliyobaki dukani saa nzima baada yake. Huyo aliiba vijiko, na kila mara kijiko kimoja tu. Mama Kahindo hakumkamata. Siku moja alichukua kijiko kingine cha aina ile ile, akakifunga kwenye karatasi, akampa mlangoni: “Mama, ulisahau hii.” Yule mama alikawia kurudi. Aliporudi alikuwa na vijiko vyote ndani ya mkoba, akavirudisha kwenye rafu kimoja baada ya kingine huku akijifanya anachagua. Nadhani kurudisha bila kuonekana ni kugumu kuliko kuiba.

Niliona ni uoga. Ninawaambia ukweli, niliona Mama Kahindo ni mwoga, na kwamba duka letu lilikuwa likimngoja mtu wa kunyosha mkono.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Watu wengi walikuwa wameingia kujikinga, na chini ya baraza la nje walijaa wauza mayai, motari na pikipiki zao, na wapita njia. Mama Kahindo alikuwa nyuma ya pazia na mgeni wa sabuni. Mimi nilikuwa kwenye kiti karibu na mlango, ndani ya kijivu changu.

Akaingia mwanamke mwembamba, kitenge cha kijani, sweta kubwa ya kiume. Alitembea polepole sana. Akaenda kwenye nguo za watoto, akainama kwenye rafu ya chini, akakaa hapo, akainuka polepole na mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya sweta. Akaangalia juu, kwenye kioo. Macho yetu yakakutana ndani ya kioo, naye akayaondoa. Kisha akaweka mkono ubavuni, taratibu, kama mtu anayetuliza mtoto aliyelala.

Nilihisi baridi tamu mgongoni. Sikuangalia miguu yake. Baadaye, kila nilipoikumbuka, niliiona wazi: miguu miwili midogo katika ndala, inaangalia nguo za watoto, wala haijageukia mlango hata kidogo.

Alipita mbele yangu, akatoka. Nikasimama, nikapiga hatua tatu, nikanyosha mkono.

“Mwizi!”

Kwa nukta moja ilikuwa vile vile. Wote walisimama. Mwuza mayai alibaki na yai hewani. Hata mvua nadhani ilisimama. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa nukta moja nilifurahi.

Halafu neno likachukuliwa na mwingine, na mwingine, na halikuwa tena neno langu. Baraza lote lilikuwa likilisema. Sikuona nani aliyemshika kwanza. Niliona sweta ikivutwa, niliona kitenge cha kijani chini, kwenye maji, na niliona watu wakiinama. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Mtu hahitaji kutafuta, anainama tu.

Mama Kahindo alinipita mbio, raba zake hazikufanya sauti yoyote. Aliingia katikati yao na urefu wake wote, akaanguka juu ya yule mwanamke, akamfunika. Ile sauti ndogo sikuisikia tena. Alipiga kelele ambayo sijui alikuwa ameiweka wapi miaka yote.

“Ni mutoto wangu! Huyu ni mutoto wangu! Mupige miye kwanza!”

Jiwe moja lilikuwa limekwisha kurushwa. Lilimpata Mama Kahindo begani.

“Toka, mama!” mwanamume mmoja alisema. “Ameiba!”

“Ameiba nini? Onesha! Nani ameona?”

Wakaanza kuangaliana. Swali lilizunguka baraza lote likitafuta mwenyewe, na mwishoni likafika mlangoni, kwangu. Mkono wangu ulikuwa bado umenyoshwa. Nilitaka kusema nimeona, na sikuweza, kwa sababu sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimeona filamu.

Mama mmoja alipiga magoti na kufungua sweta. Tumbo la yule mwanamke lilikuwa limefungwa bendeji pana, na bendeji ilikuwa inageuka nyekundu.

“Yesu,” alisema yule mama. “Huyu amezaa juzijuzi. Bamemupasua.”

Watu walipungua kama moshi. Wale waliokuwa wameinama walijikuta wana haraka ya kwenda mahali. Alibaki msukuma mmoja wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ambaye bila kuambiwa alimwaga chini kabeji zake zote, akatandika gunia, wakamlaza mgonjwa juu ya mbao. Walipokuwa wakimwinua, ngumi yake ya kulia ilifunguka na kitu kikaanguka miguuni pangu. Ilikuwa jetoni yetu ya mbao. Alikuwa ameacha mfuko wake kwa mlinzi kama duka lilivyotaka, na alikuwa anakwenda kuuchukua.

Mama Kahindo alitembea pembeni ya chukudu mpaka hospitali, akishika bega lake. Mimi nilibaki na jetoni mkononi na kabeji zikielea kwenye maji.

Alirudi alasiri. Nilikuwa kwenye chumba cha nyuma, nikingoja matusi; ningeyapokea kama zawadi. Alikaa, akavua raba zilizolowa.

“Umekula?” aliuliza.

“Apana.”

“Anaitwa Vumilia. Anakaa Murara. Mushono ulifunguka, bamemushona tena. Ataishi. Mutoto iko kwa jirani, inalia lakini iko muzima.”

“Niende kumuona, mama. Niende sasa.”

“Unatetemeka. Ukienda sasa, yeye njo atakutuliza weye. Mupunguzie hiyo kazi. Utaenda wakati mikono itatulia.”

Mikono ilikawia kutulia. Patroni alikuwa amepeleka sabuni na kitenge kipya hospitalini. Sabuni ilipokelewa, kitenge kikarudishwa kikiwa bado kimekunjwa. Baada ya hapo patroni alitaka mambo yaishe kimya. Jina la duka, alisema, ni kama glasi.

Baada ya wiki chache nilikwenda Murara. Nyumba ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya jiwe tupu, imezungukwa na maharage yaliyojipenyeza kwenye nyufa. Vumilia alikuwa ameketi mlangoni, mtoto wa kike mapajani. Alinitambua kabla sijasema kitu. Akanikaribisha, kwa kuwa mgeni hukaribishwa, akaniambia nikae kwenye bidoni tupu la maji.

“Nimekuya kuomba musamaha, mama,” nilisema.

Alimfunika mtoto miguu.

“Unaniomba hapa, mu nyumba yangu. Hapa nani alisikia kama miye ni mwizi?”

Niliangalia maharage kwenye nyufa.

“Hapa hakuna mutu alisikia. Ulipiga kelele ku barabara. Nilienda kuangalia kakofia ka mutoto, nilikuwa nashika mushono sababu ilikuwa inauma. Sasa nikipita pale, batu banasema: njo yule. Mama mukwe wangu anasema, kama haukuiba, kwa nini bakupige? Unipe jibu nimupe.”

“Unataka nifanye nini?”

“Siku nitaweza kutembea bila kushika tumbo, nitakuya. Utanishika mukono. Tutatoka ku mulango ile ile. Na utasema na sauti ile ile.”

Nilirudi nikitembea juu ya ardhi ambayo sikuisikia. Nilimweleza patroni. Alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa.

“Ukitoka inje kusema kama hii duka, magazini yangu, ilipigisha mutu bule, usirudie ndani,” alisema. Wala hakukasirika. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta.

Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili ya kuogopa, na la kazi lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa baraza. Nilikuwa nimeona jinsi neno linavyofanya likiwa mikononi mwao, na sasa nilitakiwa kuwapa neno jingine, lenye jina langu ndani yake.

Alikuja asubuhi moja ya jua. Alivaa kitenge kile kile cha kijani. Alikuwa amekifua sana, kikapauka. Aliingia, akapita kati ya rafu mikono yote miwili ikining’inia wazi, akachagua kakofia keupe, akakanunua, akaja kusimama mbele yangu. Mama Kahindo alikuwa amekwisha kumwondoa mlinzi mlangoni. Alifungua mbao zote mbili za mlango, ile ya kushoto ambayo haikuwa ikifunguliwa kamwe ikapiga kelele.

Vumilia alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Tukatoka.

Baraza lilikuwa limejaa. Nilifungua kinywa, ikatoka hewa tu.

“Sauti ile ile,” alisema Vumilia, bila kuniangalia.

“Huyu mama hakuiba!” Nilisikia sauti yangu ikivuka barabara na kugonga ukuta wa upande wa pili. “Hakuiba kitu! Miye njo nilidanganya! Miye Masika, wa hii magazini! Yeye hakuiba!”

Motari walizima pikipiki. Mmoja, kijana mwenye koti jekundu, alituangalia, akaangalia kitenge, akauliza taratibu:

“Sasa sisi tulimupiga bule?”

Nilingoja waje kwangu. Hawakuja. Mwuza mayai alivua kofia yake, akabaki ameishika kama yuko kanisani. Mwingine alisogeza pikipiki iliyokuwa imefunga njia. Hakuna aliyeomba msamaha. Labda hawakujua maneno yake yanaanzia wapi. Lakini walifungua njia, na Vumilia akapita katikati yao polepole kuliko ilivyohitajika, mkono wangu ukiwa ndani ya wake. Upande wa pili wa barabara aliniachia. Hakushukuru, wala sikutaka ashukuru. Akashika njia ya Murara.

Nilirudi kuchukua viatu vya mama mdogo, vilivyokuwa bado chumba cha nyuma tangu siku ya kwanza. Patroni alikuwa amesimama katikati ya duka, ameona yote.

“Kiti kinaziba njia,” alisema. “Kaa, ama ukiondoshe.”

Nikakaa. Hayo ndiyo yote tuliyozungumza juu ya jambo hilo mpaka alipofariki.

Filamu iliendelea kuonyeshwa kwa wafanyakazi wapya. Alikuwa muzee mgumu. Lakini Mama Kahindo aliweka sharti kwamba theluji ikiisha, mimi ndiye nitasimama mbele ya televisheni na kueleza. Nilieleza kila mara, na kila mara ilinichoma, na kila mara yule mama wa kijivu alibaki nyuma yangu kwenye kioo, akivaa glovu kidole kimoja kimoja, mzuri kama zamani. Siwezi kudai kwamba niliacha kumpenda.

Kisha volkano ilishuka na kupita katikati ya mji. Ilichukua duka, mabelo, televisheni, kaseti na bibi harusi wake. Ilichukua na baraza. Tulipojenga tena, tulijenga juu yake, na pale Vumilia alipoangukia sasa pako chini kabisa, ndani ya jiwe. Nyinyi mnapanga ndoo za plastiki juu yake kila asubuhi. Kwa miaka mingi niliota ninashuka huko. Duka la zamani liko zima, madirisha yako juu, mwanga unashuka, lakini kila kitu ni cheusi na cheupe na theluji inaangukia vitenge. Sauti hakuna. Ninatembea na raba zangu kati ya rafu, ninatafuta rangi ya kijani, na ninaamka kabla sijaipata.

Mama Kahindo alirudi Butembo kuzeekea kwao, na huko akazikwa. Bega lake halikupona vizuri kamwe; siku za mvua alikuwa akibeba jetoni kwa mkono mmoja.

Na Vumilia alikuja kwenye duka jipya. Sikutegemea. Aliingia na binti yake aliyekuwa tayari msichana wa shule, akanunua sabuni na daftari. Wakati wa kutoka alikuja mpaka kwenye kiti changu, akasimama, akafungua mfuko wake wazi mbele ya macho yangu.

“Apana, mama,” nilisema. “Funga. Tafazali.”

Hakufunga. Alingoja mpaka nikaangalia. Kisha akaenda.

Alifanya hivyo kila mara alipokuja. Nilijaribu kujificha nyuma ya pazia; alingoja. Nilijaribu kuangalia ukuta, alingoja. Basi niliangalia. Na miaka ikapita, nami nikayajua maisha yake kwa njia ya mfuko ule: madaftari, kisha sare ya shule ya sekondari, dawa ya kifua ambayo nadhani ilikuwa ya mumewe, kisha kitambaa cheusi, kisha kwa muda mrefu unga peke yake. Baadaye kulikuja nyuzi na zipu, nikaelewa kwamba ameanza kushona. Halafu siku moja sahani nyingi za maua, nikathubutu kumwuliza.

“Ni ndoa ya mutoto?”

“Njo,” alisema, akikubali kwa kichwa. Alikuwa karibu kutabasamu. Lakini mfuko aliufungua mpaka sahani ya chini kabisa.

Nilidhani tutaendelea hivyo mpaka mmoja wetu afe. Niliona ni haki yake.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, alikuja na binti yake, mama mtu mzima sasa, na walikuwa wanabishana juu ya sufuria. Vumilia alisema ni ndogo, itapika chakula cha kuku. Binti alisema mama yake anapika kama vile jeshi litalala kwake. Wakacheka mpaka Vumilia akashika rafu. Wakalipa, wakaja kuelekea mlangoni, wote wawili wakisema kwa wakati mmoja. Niliwaona wanakuja, nikainama mbele kidogo kwenye kiti, kama nilivyozoea, macho yangu yakangoja pale mfuko unapofunguliwa.

Mfuko ulinipita. Ulikuwa chini ya kwapa lake, umefungwa.

“Bakia muzuri, Mama Masika,” alisema juu ya bega, akarudi kwenye hadithi yake ya sufuria. Hakuwa ameamua kitu. Alikuwa amesahau.

Nilibaki nimeinama vile vile nikiwasikiliza wakivuka barabara, mpaka kicheko chao kikachanganyika na pikipiki, na mteja mmoja akaniuliza kama naumwa.